Chuo Kikuu Kimfuatacho Mtu Nyumbani

Zamani aliyetaka elimu ya chuo kikuu kwa kawaida hakuwa na budi kuacha kazi na nyumba yake. Ndipo mwaka 1992 Bunge likatunga sheria, kikaundwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho makao yake makuu yapo hapa Kinondoni. Basi mwalimu wa Temeke aweza kufundisha mchana, na usiku kusoma kwake.

Lakini asomaye peke yake huchoka upesi, wala hana wa kumwuliza. Kwa hiyo, enyi mkaao naye, mwondoleeni kelele walau saa mbili. Nanyi msomao, kutaneni kila juma. Maana akiacha njiani, hasara huwafikia hata watoto awafundishao.