KUCHAGUA MLIMA WA KUMPELEKA MZEE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Barua ya Kamati ilinitaka nizungumze juu ya wajibu wa mtumishi wa umma. Nimeomba radhi nibadilishiwe mada, na nimekubaliwa. Mambo ya utumishi mnayasikia kila siku, na naamini wengine wenu mnayaota hata usiku. Leo nataka kuzungumza juu ya kosa nililolifanya hapa hapa Masasi, chini ya milima hii tunayoiona madirishani, na juu ya yale niliyojifunza kutokana na kosa hilo. Mada yangu ni namna ya kuchagua mlima wa kumpeleka mtu mzima kwa matembezi ya siku moja.

Najua wapo watakaosema kwamba mlima ni mlima tu, anayeweza apande na asiyeweza akae nyumbani. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo.

Miaka miwili iliyopita mlinichagua kuwa katibu wa matembezi. Nikachagua kupanda Mtandi, mwezi wa Oktoba. Sababu zangu zilikuwa tatu: mlima uko karibu, unapendeza, na nilipokuwa na umri wa miaka 17 niliwahi kuupanda kwa muda mfupi kuliko wa mchezo wa mpira. Angalieni sababu hizo vizuri, ndugu zangu. Hakuna hata moja inayomhusu mtu niliyekuwa nampeleka.

Mtu huyo alikuwa mwalimu wetu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 72. Sitamtaja jina. Yumo humu ukumbini, na ameniruhusu nisimulie kwa sharti hilo. Alifika wa kwanza, amevaa kofia yake, viatu vimepigwa rangi. Sisi tulichelewa kwa sababu ya chai, tukaondoka saa tatu asubuhi. Ilipofika saa tano jabali lilikuwa limepata moto kama kikaango. Mwalimu alipanda vizuri, tena akitutangulia mahali pengine, na hilo ndilo lililotudanganya. Tulipiga picha, tukacheka, tukageuka kushuka.

Hapo ndipo magoti yake yalipoanza kutetemeka. Akaketi. Maji yalikuwa yamekwisha, maana nilikuwa nimehesabu chupa moja kwa kila mtu, kama tunavyofanya kwenye vikao vya ofisini. Tulifika chini saa kumi na moja jioni. Mwalimu alishuka kwa kukalia mwamba na kujisogeza, vijana wawili wakiwa mbele yake wanaizuia miguu yake isiteleze. Suruali yake ilichanika. Huyu ni mtu ambaye alipoingia darasani sisi sote tulisimama wima. Katikati ya mtelemko aliniangalia akasema, "Kijana wangu, kupanda mchongoma?" Nikamjibu kama darasani, "Kushuka ndiyo ngoma, Mwalimu." Akasema, "Vizuri. Methali hiyo nilikufundisha kidato cha pili. Leo ndiyo umefaulu."

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza kucheka. Wiki iliyofuata nikapata habari kwamba amewaambia watoto wake hatakuja tena kwenye mkutano wetu, asije akawa mzigo kwa watu. Neno hilo, mzigo, lilininyima usingizi. Mtu aliyetubeba miaka minne alijiona mzigo, na aliyemfanya ajione hivyo ni mimi na orodha yangu ya sababu tatu.

Basi nikaanza kulichunguza jambo hili kama ninavyochunguza faili. Nawaletea niliyoyapata.

Kwanza, ujue mlima wako ni wa namna gani. Milima yetu ya Masasi ni majabali yaliyosimama peke yake katikati ya tambarare. Mjerumani mmoja mtaalamu wa miamba, Wilhelm Bornhardt, aliyetembea sehemu hizi za kusini, aliandika mwaka 1900 kwamba milima ya namna hii ni kama visiwa, na jina hilo la milima ya kisiwa limebaki katika vitabu vya jiografia duniani kote hadi leo. Kisiwa hakina ngazi. Unatoka tambarare, mara unakuta mwamba, na kadiri unavyopanda ndivyo mwamba unavyozidi kusimama. Wakati wa kupanda macho yanaona jiwe lililo mbele ya pua. Wakati wa kushuka yanaona hewa tupu.

Uwanda wa juu wa Makonde ni kinyume chake. Huo ni kama meza iliyoinama upande mmoja. Upande wa mashariki unateremka polepole kuelekea pwani, na upande huu wetu wa magharibi umenyanyuka na kukatika ghafla. Newala imekaa karibu na ukingo huo. Gari ndilo linalopanda, na wewe unaposhuka garini uko juu tayari. Mahali panapoitwa Shimo la Mungu unasimama na kuliona bonde lote chini yako, mpaka upande wa mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake, na hujatoa hata jasho. Lakini mtego upo. Ukishawishika kushuka bondeni, unashuka asubuhi ukiwa na nguvu, na kupanda kunakungojea saa sita mchana.

Kwa ufupi, Masasi hukudai wakati wa kushuka, na Newala hukudai wakati wa kupanda. Zote mbili hudai mwisho wa safari, wakati mfuko umekwisha kuwa mtupu.

Pili, fanya hesabu ya saa kabla ya kuondoka. Mwaka 1892 Mskochi mmoja, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: saa moja kwa kila kilometa 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo njia ya kilometa 6 yenye kupanda mita 300 ni saa moja na dakika 42. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye nguvu asiyepumzika. Mimi sasa nikiwa na mtu mzima naizidisha mara mbili, napata karibu saa tatu na nusu. Hesabu ikinionyesha kwamba tutakuwa njiani baada ya saa nne asubuhi, natafuta njia fupi zaidi.

Tatu, angalia majira. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na wakati huo mwamba huteleza na nyasi huficha njia. Septemba na Oktoba jua ni kali mno. Miezi ya mtu mzima ni Juni, Julai na Agosti, wakati wa baridi yetu, njia zikiwa kavu na asubuhi ikiwa na upepo.

Nne, ujue mwili wa mtu mzima. Kiu ya mzee huchelewa kubisha hodi. Mwili unaweza kuwa umepungukiwa maji na yeye hajisikii kunywa. Kwa hiyo usimwulize kama ana kiu. Keti, unywe wewe, umpe na yeye. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza maji mwilini, kwa hiyo mganga aulizwe mapema. Magoti huumia zaidi katika kushuka kuliko katika kupanda, na fimbo nzuri inayomfika mtu karibu na kiwiko si jambo la kuonea haya. Na kipimo cha mwendo ni mazungumzo. Mzee akiweza kusimulia habari bila kukata maneno, mwendo unafaa. Akinyamaza, punguza mwendo wewe, wala usimwambie kwamba umepunguza kwa ajili yake.

Tano, chagua njia yenye mahali pengi pa kugeukia. Njia ambayo uzuri wake wote uko kileleni humlazimisha mtu afike au ashindwe. Njia ya ukingoni haimshindi mtu, maana kila hatua ina mandhari yake, na ukigeuka popote umekwisha kuona.

La sita ndilo lililopaswa kuwa la kwanza: mwulize mzee anataka kuona nini. Katika mipango yangu yote ya Mtandi sikumwuliza hata mara moja.

Nilikwenda kwake nyumbani, nikaomba radhi, kisha nikamwuliza. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Nataka kuiona njia ya maji ya mama yangu."

Ninyi vijana huenda hamjui habari hii. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa mchanga. Mvua hunyesha, lakini maji huzama yote, na chemchemi hutokea chini, kwenye miteremko na mabondeni. Kwa vizazi vingi mama zetu wa Newala walishuka ukingo huo kabla ya jua kuchomoza na kupanda tena na mtungi kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, wa kuyapandisha kwa pampu kutoka mabondeni, lakini haukumfikia kila mtu mara moja. Mwalimu alizaliwa katika nyumba ambayo maji yalipanda kichwani kwa mama.

Mnaona tatizo langu. Njia aliyoitaka ndiyo ile ya mtego. Tulikaa naye na karatasi, tukapanga pamoja. Tungelala Newala. Tungeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tungetembea ukingoni, kisha tungeshuka mpaka kona ya kwanza tu, na ikifika saa mbili tungegeuka, popote tulipo. Saa ya kugeuka aliitaja yeye mwenyewe, na saa ya mkononi akaivaa yeye.

Ikawa Julai ya mwaka jana. Tulikuwa watu 11, wakiwamo wanafunzi wanne wa shule hii. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Mwalimu alitangulia na fimbo yake, na kwenye kona ya kwanza akasimama, akawaonyesha vijana jinsi mama zao wakubwa walivyoweka mguu upande upande ili mtungi usitikisike. Akawafanyisha zoezi, kila mmoja na chupa ya maji kichwani. Chupa zilianguka zote. Nilimsikia akicheka cheko lake la darasani, ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka mingi.

Vijana wawili wakaomba ruhusa ya kushuka mpaka chini kwenye maji. Mwalimu alitazama njia ile kwa muda mrefu, nami niliogopa atasema anakwenda nao. Akatazama saa. Akasema, "Ninyi nendeni. Mimi saa yangu imefika." Tukapanda naye taratibu, akisimulia njia nzima bila kukata maneno. Vijana walitukuta juu saa nne, wamelowa jasho, na chupa moja imejaa maji ya kule chini. Mwalimu hakuyanywa. Alinawa mikono na uso, akaifunga chupa, akaitia mkobani.

Ndugu Mwenyekiti, siku ile hatukufika kileleni wala bondeni, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Moja, matembezi ya mkutano wetu yahamishwe kutoka Oktoba hadi Julai. Mbili, kila mwaka ziwepo njia mbili, moja ya wenye nguvu na moja ya wenye umri, zinazoishia mahali pamoja pa kula chakula, ili asiwepo anayesubiriwa wala anayebaki. Tatu, wazee waulizwe kwanza wanataka kuona nini, na njia ichaguliwe baada ya jibu lao.

Nanyi vijana, mkutano ukiisha msikimbilie mpira wote. Mwalimu yuko pale mstari wa mbele. Mwulizeni habari ya mtungi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.