Leseni Hufuata Kazi ya Gari: Madaraja ya Udereva kwa Magari ya Matembezi na Utalii

Mada kwa semina ya madereva na vijana, Kata ya Ikinga, Wilaya ya Ileje



1. Utangulizi

Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, uko mlangoni mwa nchi. Tunduma inatutoa kwenda Zambia, Isongole inatutoa kwenda Chitipa, Malawi. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa rasmi mwaka 2019, msafiri hukamilisha taratibu za nchi mbili mahali pamoja. Kati ya malori yanayopanga foleni pale, hupita pia magari ya kulala: ndani mna kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, na mengine yana hema juu ya paa. Wenye magari hayo wakielekea kaskazini, Kimondo cha Mbozi hakiko mbali na njia yao.

Vijana wetu wanaona kuwaendeshea wageni magari hayo kuwa ajira, na mimi naona hivyo. Lakini ajira ya usukani huanzia kwenye leseni. Hoja yangu ni moja: leseni hufuata ukubwa wa gari na kazi linayofanya, haifuati kilichomo ndani yake.

2. Madaraja yanasemaje

Udereva nchini unasimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Katika madaraja yetu hakuna lililotengwa kwa gari la kulala. Kitanda na jiko havibadilishi daraja. Yanayobadilisha ni haya:

(a) Pikipiki ziko kundi A. Bajaji na pikipiki za magurudumu manne, zile za matembezi, ziko A2.

(b) Gari dogo la binafsi ni daraja B au D. Daraja D linaruhusu pia gari dogo la biashara, lakini si la abiria.

(c) Gari zito ni daraja E. Lori lililogeuzwa nyumba bado ni lori.

(d) Gari la abiria wanaolipa ni kundi C: C3 kwa abiria wasiozidi wanne, C2 kwa wanne hadi 15, C1 kwa 15 hadi 30, na C kwa 30 na zaidi. Anayeomba C kamili awe ameshika C1 au E kwa miaka isiyopungua mitatu.

Chukueni Land Cruiser moja yenye hema juu. Jumamosi mwenye gari anawapeleka wanawe kuona Kimondo. Leseni yake ya D inamtosha. Jumatatu gari lilelile linabeba wageni sita waliolipia safari. Injini haijabadilika, barabara haijabadilika, ila sasa dereva anatakiwa awe na C2, na gari liwe na kibali cha biashara ya utalii. Hapa ndipo vijana wengi wanaponasa.

3. Njia ya kuipata

Anza na leseni ya kujifunzia, usome shule ya udereva iliyosajiliwa, upimwe macho, kisha ujaribiwe na askari wa usalama barabarani. Ukifaulu, unakwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na namba yako ya mlipakodi, unalipia na kupigwa picha. Kwa kundi C kuna mafunzo ya ziada ya udereva wa abiria, ambayo hutolewa na vyuo vya ufundi stadi vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT.

Naomba kijana asinunue cheti. Cheti cha kununua hakitamsaidia breki zikichemka kwenye miteremko ya Ileje.

4. Mgeni anapokukabidhi usukani

Nchi nyingine nazo zina mipaka yao. Uingereza, aliyefaulu mtihani wa gari dogo kuanzia mwaka 1997, kwa kawaida haruhusiwi gari la kulala linalozidi kilo 3,500. Huko nako uzito ndio unaoamua. Kwa hiyo mgeni akichoka na kukuomba umwendeshee, usitazame mapazia ya dirishani. Soma uzito kwenye karatasi za gari, kisha usome madaraja kwenye kadi yako. Hakikisha pia bima inakutaja au inamruhusu dereva mwingine. Ukivuka mpaka, ulizia bima ya kadi ya njano ya COMESA, kwani bima ya ndani pekee haitoshi.

Ajali ikitokea na daraja lako halihusiki na gari lile, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Deni linaweza kubaki kwako, na aliyeumia anaweza kubaki bila fidia.

5. Mapendekezo

Kwanza, vijiwe vya bodaboda vya Ikinga vichange kidogo kidogo, kila msimu vimsomeshe mwenzao mmoja hadi apande kutoka A kwenda D.

Pili, Halmashauri ya Ileje iombe askari wa usalama barabarani na maofisa wa TRA waje Itumba, makao makuu ya wilaya, kwa siku maalumu, ili nauli isiwe kizuizi cha leseni.

Tatu, mwenye gari asimkabidhi mtu ufunguo kabla ya kuisoma kadi yake.

6. Hitimisho

Utalii wa barabarani utatufaa tukiwa na madereva wenye daraja sahihi. Mwenye D na aanze sasa kuandaa safari ya kundi C, maana uzoefu unahesabiwa kwa miaka.