Aliyeitwa kwa Jina Lake

Neno letu leo latoka kitabu cha Mwanzo, mlango wa 16, habari za Hajiri. Aliye na Biblia karibu na aifungue. Asiye nayo na asikilize tu.

Someni mlango huo polepole, nanyi mtaona jambo ambalo wengi hulipita. Sarai akimtaja Hajiri, humtaja kuwa mjakazi wake. Abramu naye, akimjibu mkewe, asema habari za mjakazi wa Sarai. Katika maneno yao yote hakuna hata mmoja wao anayetamka jina la msichana yule, na mimba anayo ya nyumba hiyo hiyo. Wa kwanza kumwita kwa jina lake ni malaika wa Bwana, tena si nyumbani bali jangwani, penye chemchemi ya maji iliyo kando ya njia ya Shuri, naye ameshatoroka. Malaika amwuliza mambo mawili: ametoka wapi, na anakwenda wapi.

Leo nataka kusema na mzazi ambaye binti yake angali mwanafunzi, naye amepata mimba. Usidhani ya kuwa ni nyumba yako peke yake. Uchunguzi wa afya ya taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 15 walikuwa wamekwisha kushika mimba wakati mmoja au mwingine. Wengi wao wana wazazi wanaosali, na pengine baba ni mzee wa kanisa na mama yu katika Umoja wa Akina Mama.

Twajua jinsi jioni ile inavyokuwa. Mama ameona dalili kwa majuma kadhaa, akanyamaza kwa hofu. Baba aambiwa mwisho. Naye baba, aliyeuza mbuzi ili alipe karo, agonga meza na kumwambia mkewe: “Huyo binti yako!” Mmesikia? Asubuhi alikuwa na jina, alilopewa siku ya ubatizo, pengine ni jina la nyanya yake. Jioni amekuwa “huyo binti yako”. Ndivyo ilivyokuwa katika hema la Abramu.

Siwaambii msihuzunike. Hasira ya mzazi aliyejinyima yaeleweka, na dhambi tusiibadilishe jina. Lakini swali tunalouliza kwanza ni moja tu, “Ni nani?”, kisha twafuatisha habari za aibu yetu. Hatuulizi maswali ya malaika. Ametoka wapi? Maana huenda alilazimishwa, au alidanganywa na mtu mzima mwenye fedha, naye ameogopa kusema. Mama na akae naye peke yake, amwulize kwa upole, asikilize mpaka mwisho. Na anakwenda wapi? Hili ndilo zito zaidi. Ukimwambia mtoto wa miaka 15 au 16 aondoke usiku, hakika atakwenda mahali. Wako waliopokelewa na mwanamume yule yule aliyewaharibia maisha. Wako waliokunywa dawa za siri ili kuitoa mimba, wakavuja damu hadi kufa. Wako waliojiua. Ndugu zangu, mlango unaofungwa kwa hasira usiku mmoja waweza kulia wa mazishi.

Kwa hiyo, baba, neno la kwanza liwe jina lake. Mwite. Mwambie hatafukuzwa. Mengine yote yaweza kungoja kesho.

Kesho yenyewe, au juma lile lile, mama ampeleke kliniki. Nasema mama ampeleke, asiagizwe kwenda peke yake na sare ya shule ndani ya mfuko. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 lashauri mama mjamzito aonwe na wahudumu wa afya angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya juma la kumi na mbili kupita. Msichana anayefichwa hufika mara moja, mimba ikiwa na miezi saba au minane, au hafiki kabisa hadi uchungu umshike. Na mwili wa mtoto una hatari zake: kifafa cha mimba huwapata wasichana wadogo zaidi ya wanawake waliokomaa. Akiumwa kichwa sana, akiona kiwi machoni, akivimba uso na mikono, au akitokwa damu, msikawie hata kama ni usiku. Mkimbizeni hospitali iliyo karibu, iwe ya Wesu, ya Mwatate, ya Taveta, au Hospitali ya Moi hapo Voi.

Wengi wetu tuna desturi ya kumpeleka binti kama huyo kwa nyanya yake, atoke Voi apande milimani, watu wasimwone. Sikatai kwa nyanya. Mariamu naye, Luka asema, alifunga safari akaenda upesi nchi ya milima kwa jamaa yake Elisabeti, akakaa naye kama miezi mitatu. Silinganishi mambo hayo mawili, la hasha! Mimba ya Mariamu ilikuwa ya Roho Mtakatifu. Natazama tu jinsi mama yule mzee alivyompokea msichana: kwa sauti ya furaha, na kwa baraka, kabla hajaulizwa lolote. Basi ukimpeleka kwa nyanya ili apokelewe, vema, na umtembelee, umpelekee unga na sabuni na nauli ya kliniki. Ukimpeleka ili usimwone, umemtupa, hata kama kilima chenyewe chaonekana kutoka mlangoni pako.

Shule je? Wazazi wengi hudhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Tangu mwaka 1994 serikali ya Kenya imeagiza kwamba msichana aliyezaa aruhusiwe kurudi shuleni, na mwongozo wa mwaka 2020 umeyaeleza hayo kwa upana zaidi: aweza kuendelea na masomo akiwa mjamzito kadiri awezavyo, na akiisha kujifungua arudi. Akiona haya kurudi pale pale, asaidiwe kupata shule nyingine. Mwendee mwalimu mkuu mapema, usingoje jina lifutwe. Na mjipange nyumbani ni nani atakayemlea mtoto mchana, maana hapo ndipo wengi hukwama, wala si penye mlango wa shule.

Neno juu ya mwanamume. Binti akiwa chini ya miaka 18 na aliyempa mimba ni mtu mzima, hilo ni kosa la jinai kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Wazee hawana mamlaka ya kulimaliza chini ya mti kwa mbuzi wawili na fedha kidogo, wala mchungaji hana. Ripoti polisi, au kwa afisa wa watoto. Namba ya simu 116 ni ya bure. Wala usimwoze ili kufunika aibu, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18, na nyumba iliyojengwa hivyo mwajua wenyewe jinsi inavyosimama.

Mwisho nasema na wazee wa kanisa. Injili ililetwa Sagalla mwaka 1883 na Wray wa CMS, nasi tumekuwa na muda mrefu wa kujifunza. Hata hivyo msichana akipata mimba tumbo lake humshitaki mbele ya watu wote, na mwanamume huendelea kuimba kwaya. Kama kuna nidhamu ya kanisa, iwafikie wote wawili kwa haki, na anayetubu apokelewe. Jumapili ijayo huenda mmoja wao ataingia amechelewa, ajifunike leso, akae benchi la nyuma karibu na mlango. Mama mmoja na atoke mbele, akae karibu naye, amfungulie kitabu cha nyimbo.

Na tuombe. Bwana, wewe uliyemwona Hajiri njiani, waone mabinti wetu usiku wa leo, na wazazi waliokaa kimya kila mmoja chumba chake. Wape neno la kuanzia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.