MTIKISIKO WA GURUDUMU JIPYA

Somo letu latoka katika kitabu cha nabii Yeremia, mlango wa 6, mstari wa 13 hadi 15. Hapo nabii anawashtaki makuhani na manabii wa siku zake. Walikifunika kidonda cha taifa bila kukisafisha, kisha wakawatangazia watu kwamba mambo yote ni shwari.

Leo nataka tulitazame neno hilo kwa mfano wa kitu tunachokijua sote, yaani gurudumu la gari.

Mtu akinunua gari jipya kabisa, hutazamia liende barabarani bila taabu. Akiliendesha polepole katikati ya mji wa Nairobi, haoni neno. Lakini akiisha kutoka mjini na kushika barabara kuu ya Mombasa, mwendo ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa, usukani waanza kutetemeka mikononi mwake. Akipunguza mwendo, unatulia. Akiongeza, unaanza tena. Naye anashangaa sana. Gari ni jipya! Matairi ni mapya, hata vile vinyweleo vya mpira vitokavyo kiwandani havijakatika. Mtikisiko huu watoka wapi?

Mafundi hutuambia kwamba sababu ni nyingi, nami nitazitaja tatu tu. Ya kwanza ni uzito usiolingana. Gurudumu la gari dogo likizidi gramu 30 upande mmoja wa rimu, uzito kama wa nusu ya yai la kuku, basi gari likienda kilomita 100 kwa saa gramu hizo huvuta kwa nguvu inayokaribia ya mzigo wa kilo 5. Tena huvuta hivyo zaidi ya mara 14 kwa kila sekunde moja. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo maana gari hutulia mjini na kutikisika njiani. Dawa yake ni rahisi: fundi hupachika kipande kidogo cha risasi kwenye rimu, upande wa pili, na gurudumu linasawazika.

Sababu ya pili ni kusimama. Gari lililokaa muda mrefu melini au uwanjani bila kuendeshwa, matairi yake hubonyea pale yalipoikalia ardhi. Mara nyingi ubonyeo huo hutoka lenyewe likiisha kwenda mwendo na kupata joto.

Lakini sababu ya tatu ndiyo iliyo mbaya. Ni kwamba tairi lenyewe lilitoka kiwandani likiwa duni. Pengine si duara kamili. Pengine matabaka yake ya ndani hayakushikana. Hapo, ndugu zangu, risasi haifai kitu. Fundi mwaminifu atakuambia, “Mzee, tairi hili halina dawa, lirudishe kwa aliyekuuzia.” Fundi asiye mwaminifu ataongeza risasi hapa na pale mpaka mtikisiko upungue, atapokea fedha zake, nawe utakwenda zako ukiwa na amani. Lakini ubaya haukuondoka. Umenyamazishwa tu.

Sikilizeni jambo lililotokea Marekani. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Firestone ilitengeneza tairi lililoitwa Firestone 500, lenye matabaka ya nyuzi za chuma ndani ya mpira. Mamilioni ya matairi hayo yaliuzwa, na mengi yalifungwa kiwandani kwenye magari mapya. Kwa macho yalikuwa mazuri. Lakini ndani, mpira haukuwa umeshikamana vema na zile nyuzi za chuma, na gari likiwa mbioni tabaka la nje liliweza kubanduka ghafula. Watu wakapata ajali, na wengine wakafa.

Malalamiko yalipozidi, kampuni ilijibu nini? Ilisema kosa ni la wenye magari: hawajazi upepo wa kutosha, wanapakia mizigo kupita kiasi, hawatunzi matairi yao. Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilichunguza habari hiyo, na mwaka huo huo kampuni ikalazimika kuyarudisha matairi hayo, zaidi ya milioni 7. Na jambo la kuhuzunisha zaidi ni hili: ilikuja kujulikana kwamba ndani ya kampuni yenyewe, tangu mwaka 1972, wakuu wa ufundi walikuwa wameonya kwamba tairi hilo lina kasoro. Onyo lilitolewa. Halikutiliwa maanani, na kiwanda kikaendelea kutengeneza na kuuza.

Wapenzi, tusiwanyoshee kidole watu wa mbali. Hiyo ndiyo dhambi aliyoiona Yeremia pale Yerusalemu, nayo ingaliko kati yetu.

Katika nyumba, mke amwambia mumewe, “Baba watoto, hatuelewani siku hizi, tukae tuzungumze.” Mume hataki kuketi. Anamletea kitenge na kilo mbili za nyama, na kwa juma moja kunakuwa kimya. Hiyo ni risasi kwenye rimu. Katika kanisa, mshiriki mmoja auliza kwa heshima fedha za harambee zilitumikaje. Anajibiwa kwamba anavunja umoja wa Wakristo, na tunasimama kuimba wimbo mwingine. Hiyo pia ni risasi. Twaweza kuwa na jengo jipya, mabati mapya na majoho mapya ya kwaya, lakini matabaka ya ndani hayashikani. Upya wa nje haumwokoi msafiri.

Na wewe binafsi, ndugu msikilizaji, yako mambo yanayokutikisa. Usiku hulali vizuri kwa sababu ya deni unalomficha mwenzako, au ya mtu uliyemdhulumu shamba, au ya pombe ambayo wasema utaiacha Jumatatu. Unajaribu kuutuliza moyo kwa kuongeza sadaka, au kwa kukaa kiti cha mbele kanisani. Nakuambia kwa upendo, usiunyamazishe mtikisiko huo. Huo ni rehema ya Mungu. Tairi linalotetemeka laweza kumwokoa dereva, kwa kuwa lamwambia simama utazame. La kuogopwa ni lile lililotulizwa kwa hila, likapasuka mteremkoni gari likiwa limejaa watoto.

Basi tufanye nini? Mwenye gari mwenye busara husimama kando ya barabara na kukagua. Akiona uvimbe ubavuni mwa tairi, hasafiri nalo tena, hata liwe jipya namna gani, maana uvimbe ule waonyesha kwamba nyuzi za ndani zimekatika au zimeachana. Nasi na tusimame. Leo hii, kabla jua halijatua, mwendee yule uliyemkosea, useme naye kweli. Mzee wa kanisa aliyeulizwa swali na afungue vitabu. Mume na aketi na mkewe amsikilize mpaka mwisho.

Na hapa ndipo Habari Njema ilipo. Tairi ambalo matabaka yake yameachana halirudi kuwa zima, hutupwa tu. Lakini Yeremia huyo huyo, katika mlango wa 18, alishuka mpaka nyumba ya mfinyanzi. Akaona chombo kimeharibika mkononi mwa fundi, na fundi hakuutupa ule udongo, wala hakupaka rangi mahali palipoharibika. Alikifinyanga upya. Ndivyo Mungu wetu anavyotutendea katika Kristo. Yeye hatuulizi kama twaonekana wapya. Anatuuliza kama tu tayari kutiwa tena mkononi mwake.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, wewe wajua yaliyofichwa ndani yetu. Utupe moyo wa kusikia onyo lako, na ushujaa wa kutafuta chanzo cha mtikisiko wetu. Uwasamehe walionyamazisha wenzao, uwatie nguvu wasemao kweli. Uwalinde wote walio barabarani siku hii, wafike salama. Utufinyange upya, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.