Kunguni Wauawe kwa Joto, Neti Ilindwe

Ndugu wakazi wa Migori na Homa Bay, kunguni si dalili ya uchafu. Husafiri ndani ya mizigo na viti hadi nyumba iliyo safi. Joto kali huwaua pamoja na mayai yao. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Maji yanayochemka yamwagwe kwenye nyufa za kitanda, watoto wakiwa mbali. Kuanika godoro pekee hakutoshi, kwani kunguni hukimbilia upande wenye kivuli.

Lakini neti yenye dawa isichemshwe. Ioshwe kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kisha ianikwe kivulini. Kanda ya ziwa ina malaria nyingi; anayemfukuza kunguni asimkaribishe mbu.