Askari Aliyerudisha Sare



Katika Injili ya Dominika hii ya Tatu ya Majilio, Mwinjili Luka atueleza kwamba miongoni mwa watu waliomwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, walikuwamo askari. Yohane hakuwaamuru waache kazi yao. Aliwakataza kumnyang'anya mtu mali kwa nguvu na kumsingizia, tena akawataka waridhike na mshahara wao.

Neno hilo nchi yetu ilijifunza kwa uchungu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, katika kambi ya Colito hapa Dar es Salaam, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Madai yenyewe, kwa maoni yangu, hayakuwa ya kipuuzi. Lakini dai likisemwa na mtutu wa bunduki huwa amri. Serikali changa ililazimika kuwaita askari wa Uingereza, nao wakawapokonya waasi silaha tarehe 25. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likaundwa Jeshi la Wananchi.

Hapa Mchikichini ninaye mwamini mmoja, mzee aliyepigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Huuza viatu vya mitumba katika soko la Karume. Wakati wa kampeni moja walimjia vijana wakamwomba awafundishe kwata na matumizi ya virungu, ili wapinzani wao wasithubutu kufanya mkutano mtaani. Walimwita kamanda, wakamwahidi posho nzuri. Usiku ule alikuja kwangu. "Baba Paroko," aliniuliza, "kiapo changu kilikwisha siku niliyorudisha sare?"

Sikumjibu haraka. Tulifungua Katiba ya 1977. Ibara ya 147 humkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ingawa kura yake anayo. Aliyestaafu amefunguliwa kifungo hicho: aweza kuwa mwanachama, kugombea, hata kuikosoa Serikali hadharani. Lakini ibara ya 26 haina umri wa kustaafu. Kila mtu apaswa kuitii Katiba, na kila mtu ana haki ya kuchukua hatua, kwa utaratibu wa sheria, ili Katiba ihifadhiwe. Bunduki mzee wetu alikwisha kuirudisha ghalani. Amebaki na kura, na ushahidi wake mbele ya hakimu, na heshima aliyo nayo mtaani.

Heshima hiyo ndiyo waliyoitaka wale vijana. Kijana asiyewahi kuona vita humsikiliza mzee wa Kagera kuliko amsikilizavyo padre. Nalijua hilo, wala silioni vibaya. Mzee kama huyo akivikubali virungu, nani atavikataa?

Aliwakatalia. Siku ya mkutano wa wale wapinzani, watu ambao yeye hakuwa na nia ya kuwapigia kura, alikwenda akaketi mstari wa mbele. Hakuvaa nishani, wote walimjua. Hakuna aliyerusha jiwe. Baada ya hapo baadhi ya wateja walimhama, na jirani mmoja akamwita msaliti mbele ya wajukuu wake. Hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Katika sala ya waamini leo tumwombee mzee huyu, na wenzake waliobaki Kagera na Uganda bila kurudi, na jirani yake pia.