Kupatana na Fundi wa Tovuti: Funguo Zikae kwa Nani?

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Mwalimu wa darasa ayasome tena polepole, na wanafunzi wafuate kwa macho.)

Kaeni vizuri, na kila mtu awe na kalamu yake.

Leo tutazungumza juu ya biashara ndogo na fundi wa tovuti. Wengi wenu mna biashara. Yupo mwenye cherehani, yupo mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne, yupo mama anayesuka mikoba ya ukili. Siku moja mteja wa mbali huuliza, "Nitaviona wapi vitu vyako, na bei zake?" Hapo ndipo mtu huanza kufikiri habari ya tovuti.

Tovuti ni kurasa zenye maandishi na picha, ambazo mtu mwenye simu au kompyuta aweza kuzifungua kwa njia ya intaneti. Si jambo la kale. Tovuti ya kwanza ilitengenezwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Watu wote walifunguliwa njia ya kuitazama mwaka 1991. Leo fundi wa tovuti aweza kupatikana karibu katika kila mji wetu.

Basi, tovuti ina sehemu tatu. Zishikeni vizuri, maana somo lote limesimama juu yake.

Kwanza, jina. Ni yale maneno ambayo mteja huyaandika ili akufikie. Mafundi huliita kikoa. Katika Tanzania majina mengi ya biashara huishia na .co.tz, na katika Kenya .co.ke. Jina halinunuliwi moja kwa moja. Husajiliwa kwa muda, mathalani mwaka mmoja, kisha hulipiwa tena.

Pili, mahali pa kuziweka kurasa. Kurasa hukaa katika kompyuta inayowaka usiku na mchana, iitwayo seva. Wenye biashara ndogo hukodi nafasi humo, na kodi yake pia hulipwa kila mwezi au kila mwaka.

Tatu, kurasa zenyewe: maandishi, picha, na mpangilio wake. Hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Kila sehemu ina mlango, na kila mlango una ufunguo. Ufunguo huo ni jina la kuingilia pamoja na neno la siri. Swali kubwa la leo ni hili: funguo zikae kwa nani?

Tuchukue mfano wa yule mama wa mikoba ya ukili. Tuseme alimpa fundi fedha zote, na fundi akalisajili jina la tovuti kwa jina lake mwenyewe. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mama alichapisha kadi 500 zenye jina lile, na akalishona katika kila mkoba. Mwaka wa pili fundi alihamia mji mwingine akabadili namba ya simu. Siku ya kulipia jina ikafika. Ukumbusho ukaenda kwa fundi, wala si kwa mama. Hakuna aliyelipa. Tovuti ikazimika. Jina lisilolipiwa huachwa, na baada ya muda wa kungoja mtu mwingine aweza kulichukua. Kadi zile na vile vitambaa vya jina vikawa havina kazi tena.

Angalieni, ndugu zangu: katika mfano huu fundi si mwizi. Amehama tu. Aweza pia kuugua au kupata kazi nyingine. Ndiyo sababu hatusemi, "Mtafute fundi mwaminifu, basi." Uaminifu ni mzuri, lakini funguo ziwe zako.

Sasa tufuate hatua moja moja.

Kabla hujaenda kwa fundi, andika karatasi moja. Andika unauza nini, bei zake, mahali ulipo, saa za kazi, na namba ya simu. Andika tena: mteja akifungua tovuti, wataka afanye nini? Apige simu? Atume ujumbe? Aagize na kulipa papo hapo? Kila jibu lina kazi yake na gharama yake. Kama wataka apige simu tu, huna haja ya kulipia duka zima la kwenye intaneti.

Kisha mwombe fundi akuonyeshe tovuti mbili au tatu alizozitengeneza. Zifungue katika simu yako mwenyewe, si katika kompyuta yake. Halafu wapigie simu wenye tovuti hizo uwaulize: Alimaliza kwa wakati? Baada ya kulipwa bado hupokea simu? Na jina la tovuti lina jina la nani? Majibu hayo yatakufaa kuliko maneno matamu.

Sasa sikilizeni mazungumzo ya mama wetu na fundi kijana.

FUNDI: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Kazi zako nimeziona, nimezipenda. Lakini niambie, jina la tovuti utalisajili kwa jina la nani?

FUNDI: Mimi husajili kwa jina langu, mama, ili kukupunguzia usumbufu.

MAMA: Ahsante, lakini usumbufu huo niachie mwenyewe. Tusajili kwa jina langu, kwa barua pepe yangu, na kwa namba yangu ya simu. Wewe kaa hapa unionyeshe.

FUNDI: Haya, mama. Lakini nitahitaji kuingia ili nifanye kazi.

MAMA: Utaingia. Kazi ikiisha, nitabadili neno la siri. Na kila mwaka nitalipa nini?

FUNDI: Utalipia jina, na kodi ya seva. Ukitaka niitunze tovuti, utanilipa na ujira wangu.

MAMA: Niandikie kila kimoja mbali mbali, na tarehe yake.

FUNDI: Sawa. Na mimi nina neno, mama. Picha na bei unipe mapema. Nimewahi kungoja picha za mteja miezi mitatu, halafu nikaambiwa nimechelewa mimi.

MAMA: Hiyo ni haki yako. Tuiandike pia.

Mmesikia? Hawakugombana. Kila mmoja alisema lake, na yote yakaandikwa. Karatasi ya mapatano humlinda mwenye mali, na humlinda fundi vile vile.

Karatasi hiyo iwe na mambo haya:

1. Kurasa ngapi, na kila ukurasa una nini.
2. Nani ataleta picha na maandishi, na tarehe gani.
3. Siku ya kumaliza.
4. Bei yote, na namna ya kulipa.
5. Jina, seva na kurasa ni mali ya mwenye biashara.
6. Fundi atarekebisha makosa yake bila malipo kwa muda gani baada ya kukabidhi.
7. Kazi ya nyongeza italipwaje.

Tarehe iwepo, na sahihi za wote wawili. Kila mmoja abaki na nakala yake.

Juu ya malipo, usitoe yote mwanzoni. Wala usimtake fundi afanye kazi yote kwa ahadi tupu, maana naye anakula. Gawanyeni mafungu. Tuseme mmepatana shilingi 600,000. Hii ni hesabu ya mfano, si bei ya sokoni. Toa 200,000 siku ya kuanza, 200,000 ukiziona kurasa za majaribio, na 200,000 ya mwisho siku ya makabidhiano. Kila mara chukua stakabadhi.

Uliza pia fedha zinakwenda wapi. Tovuti nyingi hujengwa kwa programu iitwayo WordPress, iliyotolewa mwaka 2003, nayo hutolewa bure. Unalolipia ni ujuzi na kazi ya fundi. Kama zipo nyongeza za kulipia, aandike ni zipi. Kadhalika, kuna cheti kinachoyafunga mawasiliano ya mteja na tovuti yako ili watu wengine wasiyasome. Tangu mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bila malipo. Usikubali kuikosa kinga hiyo, maana programu ya Chrome, tangu mwaka 2018, humwonya mtu kwamba tovuti isiyo na kinga hiyo si salama.

Sasa hesabu kidogo. Picha moja ya simu yaweza kuwa na megabaiti 4. Picha 20 ni megabaiti 80. Mteja mwenye bando dogo ataichoka tovuti kabla haijafunguka. Fundi akizipunguza ziwe kilobaiti 200 kila moja, zote 20 zitakuwa megabaiti 4 tu. Mwulize, "Picha utazipunguza?" Ukiona anacheka, akasema, "Bila shaka, mama," huyo anajua kazi.

Siku ya makabidhiano, kabla ya fungu la mwisho, jaribu mwenyewe. Fungua tovuti kwa simu ya bei nafuu. Bonyeza namba ya simu: je, inapiga kwako? Tuma ujumbe wa kuagiza: je, umekufikia? Badili bei ya mkoba mmoja kwa mkono wako: je, umeweza? Kisha pokea funguo zote, na nakala ya akiba ya kurasa zako. Badili maneno ya siri palepale. Hakikisha kwamba namba za kuthibitisha zinakuja katika simu yako, si ya fundi.

Onyo mbili, kisha nimalize. Namba ya siri ya fedha zako za simu fundi haihitaji hata kidogo. Usimpe. Na kama tovuti yako inawauliza wateja majina na namba zao, uliza yale ya lazima tu, uyatunze. Katika Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Ndugu wasikilizaji, mtu aliyejifunza kusoma na kuandika ana silaha. Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono wake yaweza kuilinda biashara ya miaka mingi. Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.

MANENO YA SOMO

Kikoa: jina la tovuti.
Seva: kompyuta inayotunza kurasa.
Neno la siri: ufunguo wa kuingilia.
Nakala ya akiba: nakala ya kurasa inayowekwa mbali, ili zikipotea zirudishwe.
Makabidhiano: siku fundi anapotoa kazi na mwenyewe anapoipokea.

MASWALI

1. Taja sehemu tatu za tovuti. Zipi hulipiwa tena na tena?
2. Kwa nini tovuti ya mama katika mfano ilizimika, ingawa fundi hakuwa mwizi?
3. Fundi alitaka jambo gani liandikwe? Je, alikuwa na haki?
4. Andika karatasi ya mapatano ya biashara yako mwenyewe, kisha msomee jirani yako darasani.